Wifi anataka vipya, pesa inafikia mitumba

Mshauri, salaam nyingi kutoka Kigoma.

Mimi ni mama wa miaka 42, naishi Gungu na mume wangu na watoto wetu. Nauza dagaa na mawese rejareja, mume wangu ni fundi wa boti kule Kibirizi. Hatulali njaa, lakini akiba ya kushika mkononi hatuna.

Kaka yangu alifariki mwaka juzi. Binti yake mkubwa, mwenye miaka 18, nimeishi naye tangu kidato cha tatu. Amefaulu vizuri na amepangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya serikali huko Tabora. Anatakiwa kuripoti mapema Julai, na fomu ya kujiunga tunayo mezani.

Mama yake, yaani wifi yangu, yuko kijijini huko Kasulu, analima maharage. Ameuza maharage akanitumia shilingi 320,000, na maneno yake yalikuwa haya: "Wifi, mnunulie vyote vipya, dukani. Sitaki mwanangu aonekane hana baba. Na mitumba sitaki, zile ni nguo za watu waliokufa huko Ulaya."

Shida ni hesabu. Nimepita maduka ya Mwanga na daftari. Kuna vitu ambavyo hata mimi sinunui vikiwa vimetumika: godoro 55,000, kushonesha sare 60,000, chandarua 12,000, taulo 8,000, nguo za ndani 15,000, na ndoo, jembe, rimu ya karatasi na sabuni 30,000. Hapo ni 180,000. Vilivyobaki kwenye fomu, kwa bei ya dukani, ni viatu vyeusi vya ngozi jozi mbili 70,000, raba za michezo 25,000, sweta 18,000, mashuka jozi mbili 44,000, blanketi 30,000, begi 45,000 na nguo mbili za kubadilisha 30,000. Hapo ni 262,000. Jumla 442,000, na bado sijagusa nauli ya treni wala pesa ya mfukoni.

Mnadani, kwenye soko la mitumba, naijua bei. Viatu jozi mbili nitavipata kwa 36,000, raba 12,000, sweta 5,000, mashuka yote 16,000, blanketi 12,000, begi 20,000, nguo za kubadilisha 6,000. Jumla 107,000. Nikiongeza zile 180,000, kwenye pesa ya wifi zinabaki 33,000 za nauli na matumizi.

Na kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya hesabu. Huyu binti hajui kununua. Akitajiwa bei analipa. Anakwenda kuishi mbali na pesa kidogo, na mimi nilitaka mnada huu uwe darasa lake: nimpe pesa mkononi, apekue mwenyewe, apatane bei mwenyewe, nami nisimame pembeni. Nilipomwambia alinyamaza, halafu akasema: "Shangazi, nitakwenda. Ila mama asijue, na twende alfajiri kabla wenzangu hawajaamka."

Mume wangu anasema pesa ya mtu inakwenda alikoielekeza mwenyewe, na kama haitoshi nimwambie mwenyewe kwamba haitoshi. Jirani yangu anasema nunua, fua, piga pasi, wifi yuko Kasulu ataona wapi. Mimi nikimwambia wifi ukweli, naogopa atauza mbuzi wake wawili waliobaki. Nisipomwambia, nitamtazamaje?

Halafu hata mitumba yenyewe naiogopa safari hii. Mwaka jana mwanangu alinunuliwa viatu vya mtumba vizuri mno, kama havijavaliwa, soli ikameguka vipande ndani ya mwezi na fundi akasema hazishikiki tena. Likitokea hilo kwa mtoto wa marehemu kaka, tena bwenini, nitaweka wapi uso wangu?

Nisaidie.

Shangazi mtu, Gungu


Dada yangu wa Gungu,

Pole kwa kaka, na hongera kwa binti. Kufaulu ukiwa umefiwa na baba katikati ya masomo si jambo dogo, na nyumba iliyomlea wakati huo inastahili hongera yake pia.

Nikikuelewa vizuri, mikononi mwako una pesa ya mtu mwingine, agizo la mwenye pesa, na orodha ambayo pesa hiyo haiifikii. Juu yake umeweka nia yako njema ya kumfundisha binti kununua kwa akili. Mambo haya yamegandana kiasi kwamba ukigusa moja lote linatikisika. Mimi ningependa tuyatenganishe kwanza, maana hofu yako nyingi inatokana na kuyabeba yote kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na wifi. Alisema mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, mtoto asionekane hana baba. La pili, mitumba ni ya waliokufa. Unadhani lipi ndilo linalomkosesha usingizi? Wewe unamjua, mimi simjui. Kama ni la kwanza, basi hana ugomvi na mnada, ana hofu ya mtoto wake kuchekwa. Na bwenini mtoto hachekwi kwa sababu shuka lake lilitoka mnadani. Anachekwa kwa shuka fupi lisiloingia chini ya godoro, kwa sweta ya bluu iliyopauka kati ya sweta za bluu nzito, kwa kiatu kilichofunguka mdomo wiki ya pili. Vitu hivyo vinaweza kutoka mnadani, na vinaweza kutoka dukani vilevile. Viatu vipya vya bei ya chini vingi ni ngozi bandia juu na gundi chini.

Kama ni la pili, sikushauri umbishie. Ukweli ni kwamba nguo nyingi zinazofika kwetu zimetolewa na watu walio hai, waliozichoka au waliobadilika mwili, huko Ulaya, Marekani na Asia ya mashariki, na nyingine ni mabaki ya madukani yasiyouzika. Za marehemu nazo zimo, na hakuna anayeweza kukuapia kwamba hazimo. Lakini fikiria mwanamke aliyemzika mume mwaka juzi, akashuhudia nguo zake zikigawiwa baada ya msiba. Anaposema nguo za waliokufa, huenda Ulaya haimo kabisa katika anayoyawaza. Jambo hilo haliondolewi kwa maelezo. Linasikilizwa.

Sasa nikuulize swali ambalo barua yako haikulijibu. Wifi anaijua ile namba 442,000? Umeniandikia mimi bei ya ndoo mpaka bei ya sweta, ila sijaona mahali uliposema umemsomea yeye. Inawezekana alipotuma 320,000 aliamini kwa dhati kwamba zinatosha na zinabaki, na agizo lake la vipya alilitoa juu ya imani hiyo. Mtu akipewa hesabu kamili mara nyingine hubadilisha agizo mwenyewe, bila kubembelezwa. Mara nyingine habadilishi. Lakini hivi sasa wewe na jirani yako mnajadili jibu la swali ambalo wifi hajaulizwa.

Hata hiyo 442,000 nayo ikaguliwe. Kwenye fomu kuna namba ya simu ya shule. Piga, omba kuongea na matroni, umuulize mambo manne: kama godoro ni lazima aende nalo au shule inalo, kama jozi ya pili ya viatu inakaguliwa siku ya kuripoti, kama wanapokea begi au wanataka tranka la bati lenye kufuli, na rangi kamili ya sweta. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini isome fomu hadi mwisho, maana vifaa na mahitaji binafsi bado ni juu ya mzazi. Jibu moja la matroni kuhusu godoro linaweza kukurudishia 55,000.

Tuchukulie jibu ni baya, kila kitu kinatakiwa na ni vichache tu vinavyoweza kusubiri. Njia ziko kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kutii agizo neno kwa neno na kununua vipya, lakini vichache. Ukiahirisha jozi ya pili ya viatu, jozi ya pili ya mashuka na raba, unapunguza 82,000. Bado itakuwa 360,000, umepungukiwa 40,000 na nauli juu yake, na binti atalala kitanda kitupu kila akifua shuka. Wifi atakuwa amepata alichotaka kusikia. Mtoto atakuwa na upungufu.

Unaweza kuchanganya. Vile vinavyoonekana kwanza na kuvaliwa kila siku, yaani jozi moja ya viatu na sweta, vitoke dukani kwa 53,000. Jozi ya pili ya viatu isubiri. Raba, mashuka, blanketi, begi na nguo za kubadilisha vitoke mnadani kwa 66,000. Ukijumlisha na zile 180,000 unafika 299,000, zinabaki 21,000. Ni nyembamba, lakini treni atapanda. Hapa ugumu ni kwamba wifi alisema "vyote", na nusu ya agizo bado ni agizo lililovunjwa kama hujamwambia.

Unaweza kwenda na mitumba yote kama hesabu yako ya kwanza, umwambie baadaye ukiwa na vitu mkononi. Watu wengi hufanya hivyo kwa sababu vitu vizuri vikionekana vinatetea uamuzi. Ila jiulize kama wifi akifika siku ya kumsindikiza binti na kukuta begi zima la alichokikataa, ataona mashuka mazuri au ataona kwamba sauti yake haikuhesabiwa. Wajane husikia jambo hilo haraka.

Au unaweza kumpigia kabla. Hofu yako ya mbuzi ni ya kweli, siifanyii mzaha hata kidogo. Ndiyo maana ningekuwa makini na namna ya kulisema. Ukimwambia "pesa haitoshi" na kunyamaza, umempa tatizo peke yake, na mwenye mbuzi ataangalia zizi. Ukimsomea orodha nzima, mpya na mtumba kwa kila kitu, umempa vitu vya kuchagua. Mwache akate yeye: hiki kipya, hiki sawa, hiki kisubiri. Anaweza kuuza mbuzi hata hivyo. Mbuzi ni wake, na mtoto ni wake.

Kuhusu ushauri wa jirani sisemi mengi. Nataka tu uone kwamba katika njia yake binti ndiye atakayetunza siri, si wewe. Yeye ndiye atakayeulizwa na mama yake likizo: "Haya mashuka mlinunua duka gani?"

Sasa mnada wenyewe, kwa kuwa naona kwenye barua kwamba unaujua ila viatu vya mwanao vimekutia mashaka.

Kiatu kile hakikuharibiwa na mwanao. Soli nyingi nyepesi na laini za viatu na raba hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki. Kitu hiki hunyonya unyevu wa hewa polepole na kuvunjika kwa ndani, miaka ikipita, hata kiatu kikiwa kimelala ghalani bila kuvaliwa. Kwa hiyo kiatu cha mtumba kinachong'aa kama kipya ndicho cha kukitilia shaka zaidi: huenda hakikuvaliwa kwa sababu kililala, na kulala ndiko kulikokiua. Ukianza kutembea, soli inameguka kama ukoko mkavu wa ugali. Fundi hawezi kuigundisha kwa sababu gundi inahitaji mahali pagumu pa kushika, na pale hapana tena.

Kupima ni rahisi. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha kwa nguvu. Ikirudi mara moja, nzuri. Alama ikibaki, au ukucha ukinata, au unga ukatoka, weka chini. Kisha kunja kiatu pale vidole vinapokunjia na uangalie pembeni ya soli kama kuna nyufa nyembamba. Kwa shule chagua soli ya mpira mgumu iliyoshonwa kuzunguka, hata kama kiatu ni kizito na juu kimechakaa kidogo. Ngozi iliyochakaa inarudi kwa kiwi, na soli ya mpira ikiisha fundi anashona nyingine. Ukiona ngozi nzuri juu ya soli mbovu, muulize fundi wako bei ya soli kabla ya kulipa, si baada.

Ngozi yenyewe, ikunje kwa kidole gumba. Ngozi halisi hutoa mikunjo midogo inayotoweka ukiachia. Ngozi bandia iliyozeeka huonyesha nyufa kama nywele, na ndani ya wiki chache itaanza kubanduka magamba. Ugonjwa huo huo hukaa ndani ya mabegi: weka mkono ndani ya begi, na kama bitana inanata, liache, maana itaganda kwenye sare. Ukiwa kwenye begi, vuta zipu mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Kichwa cha zipu kilicholegea fundi anakibana au anabadilisha kwa pesa kidogo, lakini meno yaliyong'oka ni zipu nzima.

Angalia pia namba ndani ya viatu vyote viwili, maana kwenye rundo jozi hukosana, na visigino viwe vimelika sawa. Kisigino kilicholika upande mmoja kinabeba mwendo wa mtu mwingine na kinaweza kumuumiza binti. Apime na soksi, asimame kwa miguu yote miwili, na ikiwezekana iwe mchana, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga.

Mashuka ndiyo eneo ambalo mnada unakupa faida kubwa, na ndilo eneo ambalo watu hawakagui. Shuka huchakaa katikati, mahali mwili unapolala, huku pembeni likibaki imara. Muuzaji akilikunja unaona pembeni tu. Likunjue lote, mshike ncha wewe na binti, mliinue dhidi ya jua. Katikati pakipitisha mwanga kuliko pembeni, litachanika kwenye ufuaji wa kwanza wa nguvu. Nenda na futi ya fundi. Godoro la futi mbili na nusu lina upana wa inchi 30. Lenye unene wa inchi 4 linahitaji shuka la upana wa inchi 46 hadi 50 ili lipite pande zote mbili na kuingia chini, na urefu wa inchi 90 hivi. Yale yenye mpira pembeni yametengenezwa kwa vitanda vya kwao, ambavyo ni vipana kuliko godoro la bweni, kwa hiyo yatapwaya. Na mpira mkavu ukiuvuta unasikia ukikatika ndani. Ukipata shuka moja kubwa la kitanda cha watu wawili, upana wa inchi 95 au zaidi, fundi analikata katikati na kukunja pindo, unapata jozi. Mara nyingi shuka kubwa bei yake haizidi sana ya dogo, kwa sababu wateja wanalikwepa.

Sweta iangalieni nje juani, si chini ya turubai. Bluu na nyeusi hudanganya kivulini. Nenda na kipande cha kitambaa cha sare. Iinue pia dhidi ya jua, maana nondo hutoboa matundu madogo yanayofunguka baada ya kufua. Ikiwa ni sufu, isiingie maji ya moto, itarudi ya mtoto mdogo. Na usinunue iliyopauka kwa matumaini ya kuitia rangi kabla hujasoma lebo: pamba na sufu hupokea rangi, akriliki na poliesta hazishiki rangi za kawaida za nguo.

Blanketi na mashuka vikifika nyumbani visiguse vitanda vyenu kwanza. Mayai ya kunguni na chawa hukaa kwenye mishono. Mashuka ya pamba yaloweke kwenye maji ya moto yasiyoshikika kwa mkono, nusu saa, kisha fua na upige pasi ya moto juu ya mishono. Kisichovumilia moto kifungeni kwenye mfuko wa nailoni uliobanwa vizuri, kikae wiki mbili kabla ya kufuliwa. Vidudu vya upele haviishi siku nyingi bila mwili wa mtu, lakini kunguni anavumilia muda mrefu, kwa hiyo blanketi lenye madoa madogo meusi mishononi usilinunue hata likipewa bei ya maji. Nguo za ndani umesema huzinunui zilizotumika, na hilo Shirika la Viwango Tanzania nalo limezipiga marufuku.

Bei nayo ina mantiki yake, na hii ndiyo ningependa binti aielewe kuliko ujanja wa kupatana. Muuzaji hununua robota likiwa limefungwa, kwa kawaida la kilo 45, bila kuona kilichomo. Akilifungua, vile vizuri vinachaguliwa kwanza kwa bei ya juu ili mtaji urudi. Mtaji ukisharudi, kilichobaki anaweza kukishusha sana, maana kila shilingi ni yake. Kwa hiyo ukimkuta asubuhi robota likiwa jipya, hata umbembeleze vipi hashuki. Ukirudi alasiri, rundo lile lile linauzwa kwa fungu. Alfajiri anayoitaka binti ili asionekane ndiyo saa ya wachuuzi wanaokwenda kuuza tena, bei iko juu na viwiko ni vingi. Kwa viatu, ambavyo saizi ni chache, saa hiyo inaweza kufaa. Kwa mashuka na blanketi, hapana.

Kupatana kwenyewe ni adabu zaidi ya ukali. Asalimie. Aulize bei kwa wauzaji wawili watatu kabla ya kutaja yake. Asishike kitu kwa furaha. Kasoro aionyeshe kwa kidole na kwa ukweli: "Hapa pameanza kuisha." Vitu viwili vitatu kwa muuzaji mmoja avipatanishe kwa pamoja. Akishataja bei na ikakubaliwa, alipe. Kurudi nyuma hapo ni utovu wa heshima, na atakumbukwa. Na ajue kabla ya kutoa pesa kwamba mali ikishatoka mnadani hairudi.

Kinachomaliza pesa kule si viatu. Ni blauzi za mia tano. Chovya chovya humaliza buyu la asali: kumi kati ya hizo ni sweta nzima ambayo hakuinunua. Andikeni orodha nyumbani, kila kitu na bei ya juu kabisa, na kisichokuwemo hata kikiwa kizuri kibaki pale. Pesa igawanywe, nyingine ibaki kwenye simu, na isihesabiwe mbele za watu.

Umesema binti hajui kununua. Inawezekana. Lakini je, amewahi kukabidhiwa pesa iliyo yake kuipanga, ambayo chenji harudishi? Mtoto anayetumwa na kurudisha chenji hujifunza kutumwa. Na hapa nina wasiwasi mmoja na darasa lako, wasiwasi wa upendo tu: umechagua siku ya kwanza ya kujifunza iwe kwa pesa ya mama mjane, kwa vitu vya mwaka mzima, mahali ambapo kosa halirudishwi. Mzigo huo ni mkubwa hata kwa mnunuzi mzoefu. Kuna nafasi ya kulitenga somo na pesa ya wifi. Nendeni siku moja kwa pesa yako kidogo, elfu kumi kwa mfano, kutafuta mashuka ya wadogo zake hapo nyumbani. Apekue, apime, apatane, akosee. Hapo agizo la wifi halijaguswa, na binti atakuwa na macho yake mwenyewe wakati uamuzi wa vitu vyake ukifika. Ubaya wake ni muda: Julai inakaribia, na kiatu cha saizi yake kinaweza kupita siku hiyo mkiwa hamna ruhusa ya kukinunua.

Aibu yake usimkataze. Ana miaka 18, anakwenda mahali asipojulikana, amefiwa. Ukimwambia "mbona wote tunavaa" utakuwa umesema kweli na atakuwa amebaki pale pale. Muulize badala yake kile "mama asijue" kinamaanisha nini kwake. Anaogopa mama atakasirika? Anaogopa mama ataumia? Au ni yeye asiyetaka, ila anakuheshimu wewe mno kukataa? Majibu hayo matatu yanaelekea sehemu tatu tofauti, na ni yeye peke yake anayejua.

Ukiamua kumpigia wifi, binti awepo na daftari liwe mbele yake, yeye ndiye asome bei, mpya kisha mtumba, kitu kwa kitu. Mpigieni jioni, wifi akiwa ametoka shamba na ana muda wa kufikiri, na msimtake ajibu siku hiyo hiyo.